Jeep ya kwanza ya jeshi: Willys ya vita, Hotchkiss M201 au M38A1?

ChumaChakavu
Wakuu, salamu. Nimekusanya makorokoro ya jeshi kwa miaka mingi: kofia, madebe ya mafuta, simu moja ya vitani. Sasa moyo unataka gari lenyewe. Nimeziona tatu. Moja inauzwa kama Willys MB ya 1943, jeep ya Wamarekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kutu tele, injini imekwama. Nyingine ni Hotchkiss M201, inatembea, rangi safi, nyota nyeupe kwenye boneti. Ya tatu ni M38A1, jeep ya Wamarekani ya baada ya vita, ambayo haijaguswa tangu itoke jeshini. Nafasi ninayo ya gari moja tu. Nichukue ipi?

GiaTatu
Mkuu, unataka kuendesha au kulala chini ya gari? Kama ni kuendesha, chukua M201. Wafaransa waliiunda kwa leseni ya Willys kuanzia 1955 hadi 1966, zaidi ya magari 27,000, na ukiitazama kwa mbali utaapa ni ile ya vita. Chesisi waliiongezea nguvu, na spea nyingi zinaingiliana na za MB. Yangu ina mwaka wa sita. Kilichonisumbua ni kabureta na uvivu wangu mwenyewe.

NatiYaMasikio
Hotchkiss haina kosa, wenye kosa ni wauzaji. Ikishapakwa kijani cha zeituni na kuchorwa nyota, ghafla imekuwa "ya Normandy, 1944". Gari limezaliwa vita vimeisha miaka kumi! Ukiipenda ichukue, ila ilipie kama M201.

Krenki
Kwa nini hakuna anayetaja M151, jeep ya Wamarekani iliyokuja baada ya hizo? Nafuu, na ni ya kisasa zaidi.

GiaTatu
@Krenki kwa sababu nyingi zilikatwakatwa kabla ya kuuzwa. Jeshi la Marekani lenyewe liliona hazifai barabara za raia: matoleo ya mwanzo yalikuwa mepesi kupinduka kwenye kona, ekseli za nyuma zikijikunja chini ya gari. M151A2 ilirekebishwa, lakini kuipata nzima ni kazi. Na si gari la kujifunzia.

MamaWaKutu
Ndugu ChumaChakavu, kabla hujachagua kati ya hizo tatu, hakikisha kweli ni tatu unazodhani. Hiyo "Willys ya 1943" nina shaka nayo, na si kwa ubaya. Zilitoka zaidi ya 600,000, Willys na Ford wakiunda gari lilelile, ya Ford ikiitwa GPW. Karakana za jeshi hazikuwa na muda wa kujali asili: injini ya huku, bodi ya kule, twende kazini. Jeep iliyobaki na kila kitu ilichotoka nacho kiwandani ni nadra.

Nenda na brashi ya waya na tochi. Chuchumaa mbele, tazama kipande cha chesisi kinachopita kati ya reli mbili chini ya radieta. Kikiwa bomba la duara, ni Willys (au Hotchkiss, kwa hiyo usikimbilie kushangilia). Kikiwa bapa kama mfereji uliogeuzwa, ni Ford. Kisha geukia bolti. Ford alikuwa na wivu na kazi yake, akagonga herufi F mpaka kwenye vichwa vya bolti. Namba ya Ford imegongwa juu ya reli ya kushoto, kando ya injini, na mara nyingi imezama chini ya matabaka ya rangi. Ya Willys iko kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya reli ya kushoto, nyuma ya bampa. Kibati hubandulika na kubandikwa kwingine. Ukikuta ribiti mpya zinang'aa, uliza maswali.

Kutu ya bodi isikutishe. MD Juan wa Ufilipino wanatengeneza bodi nzima mpya. Chesisi iliyopinda au kupasuka ndiyo ya kukimbia.

Volti24
Niitetee M38A1, naona imesahaulika. Injini yake, Hurricane, ina nguvu farasi 72 dhidi ya 60 za MB. Umeme ni volti 24 na mfumo wa kuwasha umezibwa maji yasiingie. Nimeivusha kwenye maji hadi magotini bila kikohozi. Wenzangu wenye MB za volti 6 wanajua taa zao zilivyo: unawasha kiberiti kuzitafuta. Ubaya ni kwamba vifaa vile vya umeme vilivyozibwa ni vigumu kupatikana kuliko spea za MB, na mabawa yake ya duara hayana ile sura ambayo moyo wako unaitaka. Hilo la mwisho huwezi kulirekebisha kwa spana.

NatiYaMasikio
😂 Kweli kabisa. Ila MB ina utamu wake. Unalegeza nati moja yenye masikio, taa ya mbele inageuka nyuma na kumulika injini. Tangi la mafuta liko chini ya kiti cha dereva, ukijaza unanyanyua mto uliokuwa umeukalia.

Na onyo: ukikuta zile rimu za vipande viwili zilizofungwa kwa nati, TOA UPEPO WOTE kwanza, hata sindano ya valvu itoe, ndipo uguse nati. Tairi likiwa na upepo, ile rimu inaua.

MamaWaKutu
Na kwa kuwa unakusanya kofia: M1, ile ya chuma ya Wamarekani, yenye kiungo cha ukingo kwa nyuma ni ya kuanzia mwishoni mwa 1944. Usije ukaiweka kwenye kiti cha jeep uliyoiandika tarehe ya Juni mwaka huo. Kuna watu (mimi mmoja wao) hatulali tukiona hivyo. Saa na dira za kung'aa gizani usizifungue, nyingi zilipakwa radiamu.

ChumaChakavu
Nimerudi. Kipande cha mbele ni BAPA. Nimekwangua reli robo saa, rangi ya kijani, bluu, kijani tena, kisha zikatokea: GPW na namba. Bolti zenye F nimehesabu kumi na moja. Injini ndiyo ya Willys. Muuzaji alinyamaza, akasema bei ni ileile. Nikamwambia injini imekwama na karatasi zake zinasema Willys. Akashuka.

GiaTatu
Umechukua?!

ChumaChakavu
Imelala bandani. Nimetoa plagi zote nne, nimemimina dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye kila silinda. Leo siku ya tatu. Naining'inia krenki asubuhi na jioni, bado haijasogea.

MamaWaKutu
Usiining'inie. Ongeza mafuta, ngoja wiki.