Naomba ushauri: kujihesabu usiku kunaniamshia kiu ya pombe

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, naendesha tuktuk. Miezi saba sasa sijagusa mnazi wala chang'aa. Kikundini tunafuata zile hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha wanaosaidiana kuacha pombe, nami nimefika ya 10: endelea kujihesabu nafsi, na ukikosa ukiri upesi. Kwetu si jambo geni, masheikh huliita muhasaba.

Shida ni usiku. Baada ya isha nafungua daftari: nimemfokea abiria, nimemficha mke wangu shilingi mia mbili. Basi hapo akili inanitoroka mpaka kwenye harusi ya dada yangu, nilivyoanguka mbele ya wakwe. Na hayo nilishayakiri zamani! Nafunga daftari koo limekauka, na mangwe, pale wanapouza mnazi, iko mwendo wa dakika tano tu. Mkongwe mmoja kikundini aliniambia niandike na mema pia. Nimejaribu, naona kama najisifu, kalamu inagoma.

Mliopita njia hii, nihamishie alfajiri? Au niandike ya leo tu, mistari mitatu, nilale? Na zile mia mbili, nimwambie mke usiku huohuo au ningoje kupambazuke?