Nina ripoti ya usonji ila mhudumu haamini, nifanyeje?

Habari wakuu, samahani uzi mrefu kidogo. Mimi ni mwanamke, nimegundulika na usonji ukubwani, mwanasaikolojia alinifanyia vipimo vyote mpaka akamhoji mama kuhusu utoto wangu, ripoti ipo. Chuoni nikapelekwa kitengo cha msaada, naomba vitu viwili tu, maelekezo niandikiwe na mtihani nifanyie chumba kisicho na kelele. Sasa yule dada anayenihudumia kila tukikaa ananipima upya yeye, mara "mbona unaniangalia machoni", mara "mtoto wa kaka yangu ana usonji haongei kabisa, wewe unajieleza kuliko mimi", na juzi nimeona kwenye faili kaandika "anadai ana usonji" wakati ripoti anayo hapo hapo mezani. Hajui kwamba nikitoka pale najitupa kitandani na viatu na sitaki kusikia sauti ya mtu mpaka kesho. Kibaya nimeanza kujiuliza labda kweli nadanganya watu.

Kobe Mpole: Pole sana dada. Hudanganyi. DSM-5 yenyewe, kile kitabu cha wataalamu wa afya ya akili cha 2013, inasema dalili zinaweza kufunikwa na mbinu mtu alizojifunza akikua. Mimi watu wanadhani nawatazama machoni kumbe natazama nyusi 😂 Na hilo la kuongea, wale watoto 11 wenye usonji ambao daktari Leo Kanner aliwaandika 1943, 8 walikuwa wanaongea. Huyo dada kachelewa sana.

Mzee wa Hoja: Mimi niwe mbaya kidogo, si urudie vipimo tu yaishe?

Binti Mtulivu: @Mzee wa Hoja arudie kwa pesa ya nani? Na ripoti mpya si itaenda meza ile ile kwa mtu yule yule. Mtoa uzi, acha kubishana naye kama unao au huna, hapo hutoshinda na nguvu zitakuishia. Akianza, mwambie "hilo alishalijibu aliyenipima, mimi nimekuja kuhusu chumba cha mtihani", basi. Mkimaliza mtumie imeili siku hiyo hiyo, "leo niliomba hiki na hiki, umenijibu hivi", aone kuna maandishi. Na mwombe mwanasaikolojia wako barua fupi inayotaja mahitaji yako tu, maana ripoti ndefu hawasomi hawa.

Niko Kazini: Nafanya kazi kitengo kama hicho. Wengi wetu semina tulizopewa zilikuwa za watoto wadogo, mtu mzima anayejieleza vizuri akija tunabaki kushangaa, siyo lazima iwe roho mbaya. Ila hilo la "anadai" usiliache hata kidogo. Mwandikie msimamizi wake, ambatanisha ripoti, omba waandike aliyekupima na tarehe.

Mtoa uzi: Asanteni jamani, angalau leo nitalala. Hapo kwenye imeili sikuwahi kufikiria kabisa, kuongea ana kwa ana ndo kunanimaliza. Swali moja, naweza kuomba nibadilishiwe mhudumu? Nianze na hilo au faili?

Niko Kazini: Unaweza kuomba, ila faili kwanza. Ukihamishwa na faili hilo hilo, anayekupokea ataanza kwa kulisoma.

Mzee wa Hoja: Haya nimeelewa, la vipimo nalifuta.