Mliotoka Dar na gari zenu kwenda milimani kupiga picha za wanyama na mandhari: tupeane uzoefu, nini kiliwatokea puani?

Mzee wa Lenzi
Wakuu, habari za jioni. Niko Segerea, nina kamera ya mtumba niliyonunua Kariakoo na lenzi ya milimita 300 niliyoazimwa na shemeji. Mwezi wa saba nina likizo ya siku tisa. Nataka nitoke na gari langu dogo, Toyota IST, na mke wangu, tupite Mikumi, tuingie Udzungwa, tupande Kitonga, tumalizie Kitulo kwenye yale maua. Au tuachane na kusini, tukate kulia Chalinze twende Lushoto na Amani.

Kilichonifanya niandike: asubuhi nilikuwa natafuta chaja kwenye droo, nikakuta memori kadi ya safari yangu ya kwanza, Morogoro 2019. Picha 212. Zenye uso wa mnyama ni tatu. Moja ya mbuzi.

Sitaki yajirudie. Msinisifie mandhari, nipeni yaliyowakuta.

Ngosha wa Mbagala
Naweka kambi hapa.

BintiMuheza
Kaka, Kitulo mwezi wa saba unaenda kupiga picha nyasi na baridi. Maua yale ni ya mvua, Desemba mpaka Aprili. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, ila Julai Mwenyewe anakuwa amepumzisha shamba.

Na hiyo miezi ya maua ndiyo njia inateleza kama imepakwa sabuni. Mimi nilikwenda Februari. Ukitoka Chimala kupandisha Matamba kuna ile barabara inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu kona zake ni 57. Nikawa nazihesabu kwa sauti ili mdogo wangu asiogope. Kufika ya 31 akatapika. Kwenye begi la kamera. Sisemi juu ya begi, nasema ndani, zipu ilikuwa wazi. Lenzi yangu ndogo mpaka leo ukiizungusha inalia kwaru kwaru. Maua niliyapiga kwa simu.

Kaka wa Kimara
Na simu inatosha. Watu mnajitwisha kilo tano za vyuma shingoni halafu picha mnapunguza ukubwa mrushe kwenye grupu la ukoo.

Mzee wa Lenzi
Tembo akiwa mita 200 simu inamtoa kama punje ya pilipili manga.

Kaka wa Kimara
Si unasogea.

Mama Wawili Tegeta
Jamani asisogee! Mikumi barabara kuu ya Iringa inakatisha katikati ya hifadhi kama kilomita 50, tembo na twiga unawaona bure kabisa toka kwenye lami, ndiyo maana watu wanajisahau wanashuka. Usishuke kwenye gari. Na usikimbize, ukimgonga mnyama kuna faini kwa kila aina, bei zimeandikwa kwenye kibao.

Yangu ilikuwa ndogo lakini inaniuma. Tuliwasha kiyoyozi toka Chalinze, gari limekuwa friji. Kufika hifadhini tukakuta nyati wanavuka, wengi, na vumbi limepigwa na jua la asubuhi likawa la dhahabu. Nikashusha kioo, nikanyanyua kamera, kioo cha lenzi kikafunga ukungu mweupe pee. Nafuta, unarudi. Nafuta, unarudi. Wamevuka wote. Nina picha kumi na nne za maziwa.

Mpiga Picha wa Harusi
Kamera ya baridi ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu lazima itoke jasho. Zima kiyoyozi nusu saa kabla, fungua vioo. Au iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto taratibu.

Kaka wa Kimara
Au tumia simu.

Simba wa Ifakara
Mimi Udzungwa nilikutana na kipunji, yule kima, uso kwa uso, njia ya maporomoko ya Sanje. Mita tano. Anakula tunda, ananiangalia. Nikampiga picha safi.

Mwalimu wa Bailojia
Mkuu, punguza sukari kwenye hii chai. Kipunji kwa Udzungwa yuko msitu wa Ndundulu, mbali na huko kwenye maporomoko. Wengine wako Rungwe na Livingstone. Wanasayansi wenyewe wamemtangaza mwaka 2005. Pale Sanje uliona mangabe wa Sanje, ambaye naye hayupo popote duniani zaidi ya milima hiyo, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Simba wa Ifakara
Nimezaliwa huko, unanifundisha nyani wa kwetu? Alikuwa na nywele zimesimama kichwani.

Mwalimu wa Bailojia
Weka picha.

Simba wa Ifakara
Simu iliibiwa Ubungo.

Ngosha wa Mbagala
Hahahaha Ubungo imemeza ushahidi mwingi sana wa nchi hii.

Baba Nasra
Nimesoma IST na mlima kwenye sentensi moja, mkono ukaanza kutetemeka. Ngoja niseme, maana sijawahi kumsimulia mtu.

Desemba 2022 tulikaa Lushoto siku nne. Nilikuwa nataka picha moja tu: mbega wa msitu wa Magamba akiwa hewani, yale manyoya meupe ya mabegani yametanda kama kanzu ya Idi. Siku tatu ukungu mtupu, unasikia matawi yanavunjika huoni kitu. Siku ya nne asubuhi wakaja, nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Nikasema basi, tushuke, kesho kazini.

Gari dogo, otomatiki. Ndani mimi, mama Nasra, watoto wawili na bibi mmoja jirani wa pale tulipofikia, aliomba lifti mpaka Mombo. Buti lina viazi, karoti na ndoo mbili za plamsi, maana ukisema unaenda Lushoto Dar nzima inakuagiza. Nikatoka niko D, mguu juu ya breki. Mpaka Soni safi. Nikasimama nikapiga maporomoko kama dakika tano.

Mnaoijua njia hiyo mnajua baada ya Soni inavyojikunja. Huku mwamba, huku korongo. Mbele yangu Fuso la mboga linatambaa, kwa hiyo na mimi breki, breki, breki. Mama Nasra akasema, "Baba Nasra, nasikia harufu ya ukoko." Nikamwambia ni ya Fuso. Mbele kidogo Fuso likakaa pembeni likanipisha. Harufu tukabaki nayo.

Kona iliyofuata nikakanyaga, pedeli ikazama. Ilizama taratibu, laini, kama unakanyaga godoro, ikagusa kapeti na gari halina habari. Nikapampu mara nne, ikashika kidogo, ikaachia. Bibi kule nyuma akaanza shahada kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu aliyekwisha kukubali. Mpaka leo ile sauti ndiyo inayoniamsha usiku.

Nikavuta gia mpaka L. Injini ikalia kama mashine ya kusaga. Nikawa navuta hendibreki kidogo kidogo. Inatokea Koasta inapanda, dereva sijui aliona macho yangu, akabana kwake mpaka nikapita, na konda yuko nusu nje ya mlango anapiga bodi: "Ukutani! Ukutani baba!" Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikaliingiza gari kwenye mtaro wa upande wa mlima, likakwaruza mwamba, kioo cha pembeni kikaenda zake, taa ikaenda zake, likasimama.

Kimya. Buti lilikuwa limefunguka. Plamsi zinabingirika kwenye lami moja moja, zinatangulia Mombo.

Hakuna aliyeumia. Nikaenda mbele nikakuta rimu zinatoa moshi, nikachukua dumu la maji nikamwaga, chwaaa! Bibi akashuka, akafunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Asante mwanangu, hapa nitatembea." Na ilikuwa bado mbali.

Mama Wawili Tegeta
Nimesoma nimesimama. Pole sana Baba Nasra. Watoto wa watu!

Ngosha wa Mbagala
"Hapa nitatembea" 😂😂 Mungu anisamehe, pole mzee.

Fundi Tabata
Pole, ila kwenye maji ulikosea tena. Diski ya moto ukiimwagia maji inapinda au inapasuka. Unaiacha ipoe yenyewe nusu saa, saa nzima. Na kilichokupata hakikuanzia Soni, kilianzia Dar. Oili ya breki ikizeeka inakuwa imenyonya unyevu, ikipata moto mkali inachemka, inaweka mapovu, ndiyo maana pedeli ikawa godoro. Kila miaka miwili badilisha. Watu mnabadilisha taa ziwe za buluu, oili ya breki ile ile toka Japani.

Dereva wa Zamani
Otomatiki siyo gari ya mlima, nimemaliza. Mimi Kitonga naijua tangu lami haijatanuliwa. Manyuo, namba mbili, unashuka unasinzia.

Fundi Tabata
Mzee wangu shikamoo, ila hapo hapana. Otomatiki ina 2 na L kwa kazi hiyo hiyo. Tatizo wenye nazo wanadhani ni mapambo.

Kaka wa Kimara
Mimi mteremko wowote naweka free, naokoa mafuta.

Dereva wa Zamani
Wewe ndiye tunayekukuta pale Kitonga umelalia lori la watu. Ukiweka free umelinyima gari injini, umebaki na breki peke yake. Haya, ndiyo hiyo ya Baba Nasra sasa!

Kaka wa Kimara
Miaka kumi sijapata ajali.

Dereva wa Zamani
Na abiria wako wanasemaje?

BintiMuheza
Mmemsahau mwenye uzi. Kaka, Julai njoo huku Tanga. Amani unapanda toka Muheza kwa barabara ya vumbi, Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale mwaka 1902, miti ya dunia nzima ipo na ndege usiseme. Usiku chukua tochi mmulike vinyonga, wakilala wanapauka, wanaonekana kwenye kijani kama wamepakwa chaki. Ila usimwombe mtoto wa kijijini akushikie tawi lenye kinyonga. Mimi niliomba. Tawi likarudi hewani kama mkuki, kinyonga juu yake. Kwetu yule mdudu wanamwogopa kuliko nyoka.

Mwalimu wa Bailojia
Kinyonga si mdudu.

BintiMuheza
Nilijua utakuja.

Mpiga Picha wa Harusi
Irente ya Lushoto usiende mchana. Ukisimama ule mwamba saa saba bondeni ni ukungu wa vumbi na moshi, picha inatoka kama imepakwa uji. Nenda jioni, au kukiwa kumetoka kunyesha. Beba sweta la kweli, Lushoto Julai siyo Mbezi Beach, na betri ya akiba iweke mfuko wa ndani ikae na joto la mwili.

Simba wa Ifakara
Na Udzungwa mjue hakuna barabara ya gari ndani, ni kwa miguu na mwongozaji. Hiyo milimita 300 utaibeba mwenyewe kupandisha Sanje. Maporomoko yana mita 170, ukifika juu hutaki picha, unataka maji.

Mama Wawili Tegeta
Drooni usibebe bila vibali, hifadhini watakunyang'anya. Na kila kijiji mwendo ni 50, tochi za trafiki za kupima mwendo ziko nyuma ya miembe. Elfu thelathini kila kosa.

Ngosha wa Mbagala
Mimi ya tochi nililipa tatu Dar mpaka Moro. Ndiyo kumbukumbu pekee ya safari, nimezibandika risiti kwenye albamu.

Mzee wa Lenzi
Aisee nashukuru wakuu. Nimemsomea mke wangu ya Baba Nasra, amesema Kitulo mwakani na Lushoto twende na basi. Nikamwambia basi linapita njia ile ile. Amenyamaza, anaangalia ukuta. Kesho naanza na gereji, oili ya breki.

Baba Nasra, pole tena. Ila kuna kitu watu wote wameogopa kukuuliza. Mbega alitoka?

Baba Nasra
Nilipiga 96. Alipo hewani ni mbili. Ya kwanza mkia. Ya pili fokasi ilishika jani la mbele, kali ajabu, unaona mpaka mishipa.

Mzee wa Lenzi
La jani?

Baba Nasra
La jani.

Mzee wa Lenzi
Basi mbuzi wangu wa Morogoro naenda kumsafisha.