Mpiga besi anaitwa nani?

*(Mjadala huu nimeunukuu mtandaoni; maneno ya kwenye mabano kama haya ni yangu.)*

NyuziNne_Malindi
Salaam wana mjadala. Juzi tumepiga hotelini mpaka saa sita usiku. Mwimbaji akatambulisha bendi: mpiga solo, mpiga kinanda, mpiga ngoma, hata dogo wa kubeba spika. Mimi kaniruka. Miaka tisa niko na bendi ile. Sasa nauliza kwa roho safi: wapiga besi gani wamedhulumiwa sifa zao? Naanza na James Jamerson wa Motown, kampuni ya sahani kule Detroit. Nyimbo ngapi za miaka ya 60 zimebebwa na besi yake, na jalada halikumtaja mpaka 1971, kwenye albamu ya Marvin Gaye. Alikufa 1983. Leteni wenu.

KasaMzee
Huyo si ndiye aliyekuwa akipiga kwa vidole vitatu? Nilisoma mahali. Mimi nampa Decca Mpudi wa TPOK Jazz, bendi ya Franco kule Kongo. Sebene ikiingia magitaa yote yanarukaruka, yeye yuko chini anatembea kama mtu anayekwenda sokoni na hana haraka. Kila mtu Franco, Franco. Ondoa besi uone kama kuna kiuno kitakachotikisika.

SoloTamu
Tusidanganyane. Mpiga besi ni mpiga gitaa aliyeshindwa na solo. Nyuzi nne, noti mbili, malipo yaleyale. Atajwe kwa lipi?

NyuziNne_Malindi
MALIPO YALEYALE? Ndugu yangu, malipo yaleyale ulinilipa wewe? Mimi napewa bahasha ya mwisho, na ndani mna noti za kuchanika.

FundiSpika
Naomba niseme la kiufundi. Uzi mnene wa gitaa la besi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo, ni ndogo mno. Watu siku hizi wanasikiliza muziki kwa simu, kwa hiyo mpiga besi hawamsikii kabisa, wanachosikia ni kivuli chake tu. Utamsifu vipi mtu usiyemsikia? Lakini panda tuktuk yenye subufa uone.

KasaMzee
Tuktuk zenyewe zinatuua masikio. Hakuna anayelala Malindi.

MpigaNdoano
Vidole vitatu wapi, mzee? Jamerson ni kimoja! Cha shahada, mkono wa kulia. Wenzake walikiita Ndoano. Kwa kidole kimoja ameshinda wenye kumi.

BintShela
Mnataja wanaume tu. Carol Kaye je? Alikuwa mpiga gitaa wa studio Marekani, tena mwenye kazi zake. Mwaka 1963 mpiga besi hakutokea studio, akapewa besi aishike. Hakuirudisha. Filamu na nyimbo alizopiga hazihesabiki, na walionunua sahani hizo hawakujua ni mwanamke. Mwaka 2025 walipotaka kumtia kwenye ukumbi wa heshima wa Rock and Roll akasema haendi. Nilimpenda hapo.

SoloTamu
Ahsante dada, umenisaidia. Alianza gitaa, akaishia besi. Na yule McCartney wa Beatles vilevile, mwenzao alipoondoka hakuna aliyeitaka besi, ikamwangukia yeye. Ndilo nililosema.

BintShela
Aliishia? Yeye aliitwa kwa sababu anaweza. Wewe ukiitwa ni kwa sababu spika ziko kwako.

Mkilifi2
😂😂 Dada huyu wa Shela ipi?

BintShela
Shela ya Amu. Kwani kuna nyengine?

NyuziNne_Malindi
Iko nyingine, mama. Shela ya Malindi, njoo uione.

BintShela
Hiyo ni mtaa. Na Malindi muziki hamna, mna hoteli. Kila jioni ni Jambo Bwana ileile tangu 1982, mzungu anacheka, mnapokea bakshishi, mnalala.

*(Hapa nilitegemea mtu arudishe mada. Hakurudi mtu.)*

KasaMzee
Wee! Them Mushrooms hawakuitunga kwa ajili yako. Na nyinyi Lamu mna nini, punda?

MwanaWaMkomani
Punda hapigi kelele kuliko tuktuk zenu. Ndoo Amu usikie chapuo na vumi. Ukisema besi, besi yetu ni vumi, jina lenyewe lishakwambia: yavuma. Chapuo ndogo yaruka, yachokoza, zumari yalia huko juu, na vumi lakaa chini lashika nyumba. Yule mpiga vumi simjui jina hata mmoja, na nimecheza ngoma tangu mtoto. Yeo ndiyo nimeshtuka.

SoloTamu
Ngoma si gitaa la besi. Mada ni besi.

MwanaWaMkomani
Mada ni nani amesahauliwa, sheikh. Soma juu.

Mkilifi2
Malindi si hoteli tu. Sisi ndio tuliompokea Vasco da Gama 1498 akafika Bara Hindi. Nguzo yake iko pale baharini, kaitazame.

BintShela
Na mpaka leo mnapokea wageni, hamjachoka.

MpigaNdoano
Hebu ngojeni. Vasco ana nguzo. Rubani aliyepatikana Malindi akamvusha bahari yote ile ana nini? Huyo ndiye mpiga besi.

KasaMzee
Rubani ni Ahmad ibn Majid, mjuzi mkubwa wa bahari. Shuleni tulifundishwa.

FundiSpika
Wanahistoria wengi siku hizi wanasema si yeye, alikuwa Mgujarati. Jina halikubaliki na wote.

KasaMzee
Wanahistoria gani? Walikuwepo?

Mkilifi2
Nawe ulikuwepo?

*(Ukurasa mzima na nusu wa pili ni Ibn Majid. Nimeuruka, nanyi rukeni.)*

NyuziNne_Malindi
Jamani. JAMANI. Naomba nirudi kwenye besi. Kuna Bakithi Kumalo wa Soweto, albamu ya Paul Simon ya 1986. Ule mkimbio wa besi mfupi ambao dunia nzima inauiga kwa mdomo, nusu ya kwanza alipiga mwenyewe, nusu ya pili ni utepe uliogeuzwa nyuma mbele. Gitaa lake halina vipande vya chuma shingoni, vidole vinatafuta sauti kwa masikio. Nimejaribu mwezi mzima. Na Family Man Barrett, aliyemshikia Bob Marley besi, akaenda mahakamani London 2006 kudai haki zake, akashindwa. Amefariki Februari 2024. Vijana wa ufukweni wamevaa fulana za Marley, muulize mmoja Family Man ni nani.

SoloTamu
Akashindwa. Mahakama nayo imeona.

NyuziNne_Malindi
Ungekuwa karibu yangu.

BintShela
Family Man nilimjua kwa kaka yangu, alikuwa akipiga zile besi kwa mdomo akiosha vyombo. Namwomba radhi ndugu wa Malindi kwa lile neno la hoteli. Lakini Shela ni ya Amu.

MwanaWaMkomani
Nimeuliza nyumbani. Mpiga vumi wa harusi yetu ya mwaka juzi, wazee watatu wamenipa majina matatu.

Mkilifi2
Samahani kuingilia. Jumamosi tuna harusi huku Watamu, mpiga besi wetu anaumwa homa. Nani yuko huru?

NyuziNne_Malindi
Mimi niko. Malipo ni kama ya solo?

Mkilifi2
Kaka, mpiga solo ndiye mwenye bendi. Njoo, tutaongea.

SoloTamu
😂

NyuziNne_Malindi
Saa ngapi?