Kamusi huria ya kuhakiki tahajia: tutumie Git au Subversion?

mtunza_maneno:

Habari wakuu. Tuna kikundi tunatengeneza faili za kuhakiki tahajia ya Kiswahili, zile za Hunspell, programu ya kukagua tahajia, ambazo LibreOffice na Firefox zinasoma, kila kitu huria, yeyote achukue abadili agawe. Wengi tupo Dar, mwenzetu mmoja Mombasa, mwingine Goma, na kuna dada yuko Muscat. Mpaka sa hivi tunatumiana faili kwenye grupu la WhatsApp na hapo ndo tunapoumia, huyu anaongeza nomino huku yule yuko kwenye vitenzi, wote wanatuma faili la jina moja, anayepokea hajui lipi la mwisho, juzi maneno yote ya uvuvi aliyokusanya wa Mombasa yalifunikwa na faili la mtu mwingine na hamna aliyegundua mpaka wiki imepita.

Sasa tunataka programu ya kutunza matoleo, inayokumbuka nani alibadili nini. Kuna anayetaka Subversion (SVN) kwa sababu ameizoea kazini, mwingine anasema Git na hataki kusikia kingine. Wasiwasi wangu ni bando, maana wa Goma mtandao unamkatikia kila mara, alafu baadhi yetu ni walimu wa Kiswahili hawajawahi kugusa terminali, lile dirisha la kuandika amri. Pia tuna rekodi za matamshi, WAV kubwa kubwa, tunataka zikae humo humo. Mnatushauri nini?

kodi_pwani:

Mkuu kwa hiyo hali ya wa Goma peke yake mi nasema Git bila kuzunguka. Ukikloni Git unachukua historia nzima inakaa kwenye laptopu yako, kwa hiyo kukomiti (kuhifadhi badiliko kwenye historia), kuangalia nani alibadili nini, kufungua branchi (tawi la kujaribia), kulinganisha na faili la mwaka jana, vyote unafanya bila intaneti hata kidogo, mtandao unauhitaji wakati wa kupushi (kutuma) na kupuli (kuchukua ya wenzako) tu. Mtu anafanya kazi siku nzima, usiku bando likiwa rahisi anatuma zote kwa pamoja. Subversion kila komiti lazima iongee na seva, mtandao ukikata umekwama hapo hapo.

Na hii haikuja kwa bahati. Linux walikuwa wanatumia BitKeeper, programu ya kampuni, wakipewa bure kwa masharti, 2005 ule ubure ukaondolewa, Linus Torvalds mwanzilishi wa Linux akaanza kuandika Git mwezi Aprili na Juni mwaka huo huo Linux 2.6.12 ikatoka ikiwa tayari inasimamiwa na Git. Ilijengwa kwa watu waliotawanyika dunia nzima wasio na bosi mmoja, na nyie ndo mko hivyo.

mzee_wa_seva:

Vijana msiizike Subversion haraka hivyo. Bado ipo hai chini ya shirika la Apache na ina vitu vizuri, unaweza kuchukua folda moja tu ukaacha mengine, na unaweza kulifunga faili ili mwenzako asiliguse mpaka umalize. Kwa hizo WAV hilo ni jambo kubwa sana, sauti mbili huwezi kuziunganisha kama maandishi, na Git kila toleo la kila WAV litakaa kwenye kloni ya kila mtu milele, mwalimu anataka kurekebisha neno moja anajikuta anapakua rekodi za miaka. Pia msidhani kila mradi mkubwa uko Git. OpenBSD, mfumo endeshi, mpaka leo kodi yao (maandishi ya programu) iko kwenye CVS, ya zamani kuliko zote hizi, na SQLite, programu ya hifadhidata, wanatumia Fossil ambayo mwanzilishi wao Richard Hipp aliiandika mwenyewe. Wanafanya kazi safi tu.

Ila kwa maneno, nakubaliana na kijana hapo juu. Watakaokuja kuwasaidia kesho watakuja wanajua Git, na kwenye mradi wa kujitolea hicho kinazidi yote niliyosema.

dada_tahajia:

Mi nafanya kazi za namna hii kwa lugha nyingine ya Bantu, naomba niseme yale ambayo yatawauma kwenye faili zenyewe maana Git au SVN yatawakuta tu.

La kwanza kabisa, fungua faili lenu la .dic, lile la orodha ya maneno, mstari wa juu kabisa una namba, ni makadirio ya idadi ya maneno. Kila mtu akiongeza maneno anaibadili ile namba, kwa hiyo watu wawili wakifanya kazi siku moja lazima mgongano, kila mara, kwenye mstari ule ule, na walimu wenu wataichukia Git kabla hawajaijua. Msiiweke hiyo namba kwenye ripo, yaani hifadhi ya mradi. Wekeni faili la kawaida la maneno, neno moja kila mstari, alafu skripti fupi iyahesabu na kutengeneza .dic wakati wa kutoa toleo.

La pili ni mwisho wa mistari. Windows inaumaliza mstari tofauti na Linux, mtu akifungua kwa kihariri ambacho hakijapangwa akasevu, Git inaona mistari yote imebadilika, mnapata komiti inayosema maneno elfu hamsini yamerekebishwa kumbe kaongeza "jarife" tu. Siku ya kwanza kabla hamjaongeza chochote wekeni faili la .gitattributes, linaloiambia Git ishughulikie faili zenu vipi, lenye `* text=auto` na hiyo shida inaisha.

La tatu, watu wawili wakiongeza maneno tofauti sehemu ile ile ya alfabeti Git itasimama iwaulize. Kwa faili la maneno mnaweza kuiambia ichukue ya wote wawili, humo humo kwenye .gitattributes mnaandika `maneno.txt merge=union`. Lakini muwe macho, kama huyu kabadili "soma/A" (herufi baada ya mkwaju zinataja kanuni za viambishi) kuwa "soma/AB" na yule kaifanya "soma/AC" union itabakiza zote, kwa hiyo ile skripti ipange upya kwa alfabeti na ipige kelele ikikuta neno limejirudia. Na msiitumie union kwenye faili la .aff, kule mpangilio wa kanuni za viambishi una maana, mgongano wa kule lazima mtu akae ausome.

Walimu hawahitaji terminali. Codeberg na GitHub, tovuti za kuhifadhi ripo za Git, zote unahariri ndani ya brauza, unaandika umebadili nini, basi. Wa Windows anayetaka kufanya nje ya mtandao ampe TortoiseGit, anabofya tu kwenye folda.

Sauti zitoeni humo. Kama kweli ni huria zipelekeni Wikimedia Commons, hifadhi huria ya picha na sauti, na mpya mrekodi kwa Lingua Libre, ile imetengenezwa maalum kwa kurekodi matamshi, alafu kwenye ripo mnabaki na orodha ya viungo.

mtunza_maneno:

Dada asante sana, huo mstari wa namba ndo uliotutesa muda wote na hatukuwahi kuuwazia. Swali jingine, tunataka baadaye kazi yetu iingie kwenye LibreOffice yenyewe. Ripo yao ya kamusi ina lugha zote za dunia, sisi tunataka folda ya sw_TZ tu, na wa Goma akijaribu kukloni inakata katikati anaanza upya toka sifuri.

kodi_pwani:

Ndiyo, Git kloni ikikatika haiendelei pale ilipoishia, hapo mzee ana haki ya kuisema. Dawa ni kuchukua kidogo. Mwambie atumie `git clone --depth 1 --filter=blob:none --sparse` na anwani ya ripo, alafu akiingia ndani `git sparse-checkout set sw_TZ`, atapata hali ya sasa tu na folda hiyo tu. Akitaka historia baadaye anaongeza kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=100`. Ikishindikana kabisa, wewe wa Dar kloni nzima, andika `git bundle create kamusi.bundle --all`, inakuwa faili moja, hilo anapakua na programu inayoendelea ilipokatikia au analetewa kwenye flashi, anakloni kutoka humo kisha anaielekeza kwenye seva halisi kwa `git remote set-url origin`. LibreOffice wanapokea pachi (marekebisho) kupitia Gerrit, tovuti ya kuyakagua kabla hayajaingia, kwa hiyo fungueni akaunti huko mapema.

mzee_wa_seva:

Nyongeza moja. Kwenye kuhifadhi msitegemee sehemu moja tu. Google Code, iliyohifadhi miradi kama GitHub, ilifungwa 2016, Bitbucket waliondoa Mercurial, programu nyingine ya kutunza matoleo, 2020 na miradi ikabidi ihame. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao wizara za afya huku kwetu zinautumia, kodi yake ilikuwa tovuti ya Launchpad kwa Bazaar, nayo programu ya kutunza matoleo, sasa iko GitHub. Wekeni Codeberg, nakala inayojisasisha (kioo) GitHub, na yule dada wa Muscat awe na kloni kamili anayoipuli kila Ijumaa.

mtunza_maneno:

Sawa, Git. Leo usiku naandika hiyo skripti ya kuhesabu, na .gitattributes inatangulia kabla ya neno lolote. Maneno ya uvuvi wa Mombasa anayo bado kwenye daftari, ndo yatakuwa komiti ya pili kwa jina lake.