Nimelipa dola 350 kwa mchoro wa bodi (ganda la nje) ya boti, kuuingiza kwenye programu ni balaa

Ndugu zangu mafundi wa vyombo, niko Bukavu na nimechoka kunyamaza.

Tunajenga boti ya chuma ya mita 18, ya mizigo kati ya hapa na Goma. Tulimlipa mchoraji mmoja, akaapa kwamba faili yake ya DXF (faili ya michoro ya kompyuta) "iko tayari, unaingiza tu". Kuingiza mara ya kwanza, nikapata chombo cha kilomita 18! Alichora kwa milimita, kipimo hakukiandika popote, programu ikasoma mita. Hilo lilikuwa la dakika moja, nikalirekebisha.

Lakini mataruma (mbavu za boti) yote 11 yamelala bapa, moja juu ya jingine, vilevile kama kwenye karatasi: ya omo (mbele) kulia, ya tezi (nyuma) kushoto. Kwenye karatasi ndivyo inavyochorwa, sawa. Ila anayeuza mchoro "tayari" ndiye wa kuyasimamisha na kuweka kila moja mahali pake. Nimeyasimamisha mimi, usiku tatu, umeme ukienda na kurudi. Tena kila mstari ameukatakata, taruma moja lina nukta zaidi ya 400. Ukitandika bodi juu yake inatoka na makunyanzi, na bati lenye makunyanzi hayo halikunjiki kwa mashine yoyote. Nukta 7 au 8 zilizokaa vizuri zingetosha.

Hayo ningeyameza. Kilichonichoma ni taruma la 3. Ukilitazama kwa mbele, kwenye mstari wa maji wa mita 1 (kutoka chini ya boti), nusu upana, yaani katikati hadi ubavuni, ni mita 1.86. Kwenye mchoro wa juu, taruma lilelile, mstari uleule, ni 1.79. Sentimita 7! Namwuliza, ananijibu: "Papa, badilisha programu." Programu imeingiaje hapo? Jedwali la vipimo, yaani namba ambazo mchoro hutokana nazo, nimeomba mara nne, hana. Maana yake hakuchora, alifuatisha picha ya mtu.

Na hesabu ya uzito kaifanyia maji ya bahari, tani 1.025 kwa kila mita ya ujazo. Ziwa Kivu lina bahari gani? Boti yetu ikijaa ni tani 40. Baharini ingesukuma mita za ujazo 39, ziwani ni 40, kwa hiyo itakaa chini kuliko alivyochora. Kama sentimita 2 hivi. Atakayesema ni kidogo akawaambie waliokuwa bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya MV Merdi ilipopinduka bandari ikionekana.

Mabati yamelala uani, fundi wa kuchomelea ananiuliza kila asubuhi. Sikati hata moja. Nataka jedwali au pesa yetu irudi. Mliowahi kununua michoro ya namna hii, mlimbana vipi mchoraji kabla ya kumalizia malipo?