Bibi ameikataa picha yake, na maonyesho ni wiki ijayo

FundiBrashi
Habari wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaochora kwa rangi za mafuta, na Wamakonde mliomo humu.

Nimepata nafasi ya kutundika picha tatu kwenye maonyesho ya pamoja hapa Dar, mara yangu ya kwanza. Moja ni mikorosho ya Newala wakati wa kiangazi, nyingine mgongo wa mbeba magunia wa sokoni. Hizo hazina neno. Shida ni ya tatu, sura ya bibi yangu mzaa mama.

Bibi ana nembo, zile chale za Kimakonde, mashavuni na kwenye paji la uso, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, lile pambo la kuchomeka mdomoni, ingawa ndonya yenyewe aliacha kuivaa zamani. Nikaona watu wa mjini watamshangaa, basi nikalainisha mashavu, nikaziba mdomo. Mjomba akaisifia sana. Jumamosi nikampelekea mwenyewe. Akaitazama kitambo, akauliza, "Huyu mama ni wa kwa nani?" Nikadhani ni macho. Akasema macho yake mazima, ila huyo hamjui, na nisithubutu kumwandikia jina lake.

Zimebaki siku tisa. Nina rangi ya akriliki, inakauka upesi. Naweza kupitisha nembo juu?

Tapentaini
Akriliki juu ya mafuta haishiki mkuu, itabanduka magamba. Gusa shavu: kama rangi haiachi alama kidoleni, pitisha mafuta hayo hayo, tabaka jembamba. Usiizimue sana kwa tapentaini, kama chini ulipaka nzito juu itapasuka. Vanishi sahau kwa sasa. Na usiianike juani!

MchongaMpingo
Mjukuu wa Newala, umenichekesha na umenikera. Bibi kavumilia kisu, wewe umemfuta kwa brashi.

Nembo si mistari ya kalamu. Ngozi ilichanjwa, ikapakwa makaa, ikapona imevimba kidogo, na weusi wake una ubluu ndani. Mkalishe bibi taa ikiwa upande mmoja, uchore kivuli chake. Wazee kwenye mapiko, vinyago vya kuvaa kichwani kwenye ngoma za jando, walibandika nta ya nyuki juu ya mti ili nembo iinuke, na nywele za mtu juu yake. (Mti mwepesi lakini, si mpingo. Nani acheze na mpingo kichwani?)

Wambui_K
Mimi namtetea kidogo. Hapa Nairobi, Makumbusho ya Taifa, kuna picha za Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Alianza na maua, kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya. Shanga, mapambo, kila kitu kipo, kwa uangalifu kama wa yale maua. Na mimi kila nikisimama pale naona mavazi kwanza, mtu baadaye. Hofu yako ina msingi. Ila yeye alikuwa mgeni, wewe unajua bibi yako anavyokunja mdomo akitaka kucheka. Anzia hapo kaka.

FundiBrashi
Asanteni wote. Jana jioni nimerudi kwa bibi na tochi ya simu na turubai. MchongaMpingo, kivuli kimeonekana kweli, sikuwahi kukiona maisha yangu yote.

Nikachora mashavu yote mawili sawasawa. Akanishika kidole, akakipitisha kwenye shavu lake la kushoto. Mstari wa tatu umepinda karibu na sikio. Kumbe siku ile alijitikisa, fundi akamzaba kofi, akaendelea na kazi. Akanionyesha tena mpaka nikaupata.

Mdomo tumemaliza saa nne usiku. Jina ameruhusu. Turubai bado linanata.